Viza Imepitiliza na Familia Iko Hapa: Mtoke, au Mrekebishe Mkiwa Ndani?

Kabla ya kujiuliza mtoke au mbaki, toa pasi za nyumba nzima uziweke mezani. Chukua karatasi, na mbele ya kila jina andika tarehe mbili: siku aliyoingia, na siku ruhusa yake ya kukaa inapoisha au ilipoisha.

Nilikaa na familia moja ya marafiki walioko Marekani tukafanya hivyo. Baba alikuwa na viza ya kazi, mama na watoto wawili wakiwa wategemezi wake. Watu watatu tarehe zao zililingana. Ya kitinda mimba ilikuwa imeisha miezi mitano nyuma na hakuna aliyejua, ilhali wote waliingia kwa ndege moja na kupita dirisha moja. Pasi ya mtoto huyo ilikuwa inakaribia kwisha siku walipoingia, na ofisa wa mpakani kule hukata muda wa kukaa pale pasi inapoishia. Wazazi walikuwa wakitazama stika ya viza, ambayo bado ilikuwa na muda. Lakini stika ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Ruhusa ya kukaa imo kwenye rekodi iitwayo I-94, siku hizi iko mtandaoni, na wao hawakuwahi kuifungua.

Ndiyo maana naona swali la "sisi tufanyeje?" linaanza vibaya. Uhamiaji hawahesabu nyumba, wanahesabu pasi. Baba anaweza kuwa salama, mama akawa na dirisha dogo la kuomba, na mtoto akawa na haki ambayo wazazi hawana. Na jambo la pili, ambalo watu huliruka kwa sababu ushauri wa jamaa aliyeko nchi nyingine unasikika vizuri kwenye simu: kutoka si kitu kimoja kila mahali. Kuna nchi ambako kila siku unayochelewa kutoka inakuongezea adhabu, na kuna nchi ambako kupanda ndege ndiko kunakoiwasha adhabu yenyewe.

Hesabu nazo zina mitego. Eneo la Schengen, nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, linatoa siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa, na zile 180 hazianzi Januari, unazihesabu kurudi nyuma kuanzia leo. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 umeanza mfumo wa EES unaosajili kila mgeni wa muda mfupi anayeingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole, isipokuwa watoto wa chini ya miaka 12 ambao hawachukuliwi vidole. Wale waliokuwa wakitegemea muhuri uliofifia au ofisa mvivu wa kupekua kurasa watafute tegemeo jingine.

Kutoka kwa miguu yako

Nchi nyingi zinamtenganisha aliyejitoa na aliyekamatwa, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Thailand wameiandika wazi kuliko wote. Faini ni baht 500 kwa siku, na ikifika 20,000 haipandi tena. Lakini tangu Machi 2016 faini siyo habari kubwa, habari ni kufungiwa mlango, yaani kuzuiwa kuingia tena. Ukijitokeza mwenyewe baada ya kupitiliza zaidi ya siku 90, unafungiwa mwaka 1. Zaidi ya mwaka mzima, miaka 3. Zaidi ya miaka 3, miaka 5. Zaidi ya miaka 5, miaka 10. Ukikamatwa, hata kama umepitiliza kwa siku chache, ni miaka 5, na ukiwa umezidi mwaka ni 10. Maana yake aliyepitiliza wiki mbili akanaswa kwenye ukaguzi wa barabarani anafungiwa muda mrefu kuliko aliyepitiliza miaka miwili na nusu akajipeleka uwanja wa ndege na pasi mkononi.

Japani wana mpango wa amri ya kuondoka tangu mwisho wa mwaka 2004. Mtu aliyepitiliza, hana kosa jingine, hajawahi kufukuzwa, akajipeleka ofisi ya uhamiaji akiwa tayari kuondoka, anaweza kupewa amri hiyo bila kuwekwa kizuizini, na akafungiwa mwaka 1. Anayefukuzwa kwa njia ya kawaida ni miaka 5.

Uingereza kuna mstari wa siku 30. Ukipitiliza siku 30 au pungufu, ukaondoka kwa hiari na kwa nauli yako, kupitiliza huko hakukufungii mlango. Ukizidi hapo, ukatoka kwa hiari na kwa nauli yako, ni miezi 12. Ukilipiwa tiketi na serikali inakuwa miaka 2 au hata 5, kutegemea uliondoka lini baada ya kuambiwa uondoke. Aliyefukuzwa, au aliyetumia udanganyifu kwenye maombi, anaangalia miaka 10. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nasubiri wanirudishe wao, tiketi ya bure," muulize kama ameipigia hesabu hiyo bure.

Afrika Kusini ni shari. Tangu kanuni za mwaka 2014, hulipi faini ukamalizana nao. Ukipitiliza kwa siku zisizofika 30 unatangazwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12. Zaidi ya 30, ni miaka 5, na unajulishwa hapohapo mpakani unapotoka. Unaweza kuandika ukaomba kuondolewa adhabu hiyo, na hapo barua ya hospitali au ushahidi kwamba ombi lako la kuongeza muda lilikwama ofisini ndiyo silaha yako. Kama hukubeba nakala, umetoka mikono mitupu.

Katika nchi za namna hii, kama hakuna mtu wa nyumbani mwenye haki ya kubaki, mimi nasema tokeni, na mtoke mapema kabla ya kuvuka mstari unaofuata. Siku ya 29 na siku ya 31 si majirani.

Marekani, ambako mlango unajifunga nyuma yako

Sheria ya mwaka 1996 iliweka vifungo viwili, si vya jela bali vya kuzuiwa kurudi. Aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini hajafika mwaka, akaondoka, hawezi kurudi kwa miaka 3. Aliyekaa mwaka au zaidi, miaka 10. Neno la kutazama ni "akaondoka". Vifungo hivi vinaanza kazi unapovuka mpaka kwenda nje. Maadamu uko ndani, unazikusanya siku lakini kifungo bado hakijaanza.

Hapa ndipo ushauri wa binamu aliyeko Thailand unapoweza kuvunja nyumba. Chukua mke aliyeingia kihalali kwa viza ya matembezi, akapitiliza miaka miwili, akafunga ndoa ya kweli na raia wa Marekani. Kwa kuwa alipokelewa mpakani kwa utaratibu, na mume ni raia, sheria inamruhusu kuomba grini kadi akiwa ndani, na kule kupitiliza hakumzuii. Mwanamke huyohuyo akisema "ngoja nikajipange nyumbani halafu mume aniite," amejiwekea miaka 10 kwa mkono wake. Na ikiwa mume ana grini kadi tu, hajawa raia, msamaha huo haupo, mambo yanabadilika kabisa. Neno moja kwenye karatasi za mume linageuza ushauri wote.

Kwa wale wasioweza kurekebisha wakiwa ndani, kuna ombi la I-601A, lililoanza mwaka 2013: unaomba kusamehewa kifungo kabla ya kutoka kwenda kwenye usaili wa ubalozi, ili usisafiri gizani. Lazima uonyeshe kwamba mwenzi au mzazi wako aliye raia au mwenye grini kadi atapata taabu ya kupindukia. Watu wengi hujaza faili picha za watoto na ripoti za shule, na wanashangaa. Mtoto si mtu anayehesabiwa kwenye kipimo hicho. Taabu ya mtoto inasaidia tu pale inapoonyesha inavyomwelemea mama au baba yake anayehesabiwa.

Nyongeza ndogo lakini inauma: hata ukipitiliza siku moja tu ya I-94, ile stika ya viza uliyoingia nayo inakufa, hata kama imeandikwa miaka kumi. Viza nyingine kwa kawaida unaiombea nchi unakotoka. Na kuwa na ombi mezani si kinga ya kukamatwa. Anayekuambia "ukishapeleka fomu hawakugusi" anakufariji tu.

Kurekebisha ukiwa ndani: madirisha yanavyopishana

Kama muda haujaisha, hata ikibaki siku moja, acha kusoma hapa upeleke ombi la kuongeza. Uingereza, ombi lililofika kabla ya muda kuisha linakubeba kwa masharti yaleyale mpaka lijibiwe. Kanada ni hivyohivyo. Marekani, ombi la kuongeza muda lililopelekwa kwa wakati na lenye msingi linazuia siku za kukaa bila ruhusa zisianze kuhesabiwa wakati linasubiri. Hakuna njia ya bei nafuu kuliko hii, na ndiyo inayopotezwa zaidi, kwa kawaida kwa sababu nyumba nzima ilimwachia mtu mmoja kukumbuka tarehe.

Muda ukishaisha, pima dirisha lako. Kanada linakaa wazi siku 90: mgeni, mwanafunzi au mfanyakazi aliyepoteza hadhi ya kukaa kihalali anaweza kuomba kurudishiwa ndani ya siku hizo. Uingereza ni siku 14 tu tangu mwaka 2016, na lazima ueleze sababu nzuri iliyokuwa nje ya uwezo wako. Kulazwa hospitali wanaielewa, kusahau hapana. Australia kuna alama ya siku 28. Ukiivuka, unaweza kukumbana na miaka 3 ya kunyimwa viza za muda ukishatoka, na hata ombi la mwenzi unalolipeleka ukiwa ndani linadai sababu nzito za kulisikiliza. Njia ya kwanza kule ni kwenda mwenyewe kuomba viza ya mpito, ile aina ya E, ili uwe na hadhi halali wakati unapanga kuondoka au kesi yako inaendelea. Nyuzilandi una siku 42 za kukata rufaa kwa misingi ya kibinadamu tangu ulipokuwa huna ruhusa. Zikipita, kinachobaki ni ombi la hisani chini ya kifungu cha 61, ambalo ofisa anaweza kulikataa bila kukupa sababu hata moja.

Ukiziweka nchi hizi bega kwa bega kwa jicho la mume na mke, Kanada ndiyo laini kuliko zote. Tangu mwaka 2005 wana sera inayomruhusu mwenzi wa raia au mkaazi wa kudumu, anayeishi naye humohumo nchini, kudhaminiwa hata kama muda wake wa kukaa umepita. Marekani wanampa nafasi hiyo mwenzi wa raia peke yake. Australia wanakupa ukiweza kuwashawishi.

Watoto wana saa yao

Marekani, aliye chini ya miaka 18 hakusanyi siku za kile kifungo. Saa yake inaanza kugonga siku anayotimiza 18, kwa hiyo kijana aliyeletwa akiwa mdogo ana takriban miezi 6 baada ya siku hiyo ya kuzaliwa kabla ya kuvuka siku 180. Familia nyingi huandaa sherehe na kusahau kalenda. Kama kuna kijana wa miaka 17 nyumbani mwako, yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni ya wakili, kabla yako.

Uingereza saa inaenda upande mwingine, inamfaa mtoto kadiri anavyokaa. Mtoto aliyezaliwa huko akaishi miaka yake 10 ya mwanzo, bila kuwa nje zaidi ya siku 90 kwa mwaka wowote kati ya hiyo, ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, hata kama wazazi hawakuwa na makaratasi siku aliyozaliwa. Haki hiyo imo kwenye Sheria ya Uraia ya mwaka 1981. Na mtoto aliyekaa miaka 7 mfululizo anaweza kuombewa ukaazi ikiwa si jambo la busara kumtaka aondoke, na wazazi wakapata kusikilizwa kupitia kwake. Sasa fikiria familia yenye mtoto wa miaka tisa na nusu inayoamua "tutoke tukajisafishe." Hapo sishauri mtu anunue tiketi kabla ya kumwona wakili. Vilevile, mwenye mtoto wa miaka miwili asijidanganye kwamba atajificha miaka minane akisubiri.

Kuna nchi ambako mtoto anapitiliza kabla hajajua kutembea. Falme za Kiarabu, mtoto aliyezaliwa huko anatakiwa kufanyiwa ukaazi ndani ya siku 120. Ukichelewa, faini inaanza kuhesabika kwa jina lake. Na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa hapati pasi, asiye na pasi hapandi ndege, kwa hiyo hata uamuzi wa kutoka hauwezekani mpaka ubalozi wa kwenu uwe umemtambua. Hati ya dharura ya safari itamfikisha nyumbani, lakini ni ya safari moja, haimrudishi.

Je, mgawanyike? Mmoja atoke, wengine wabaki? Mara nyingine ndilo jibu sahihi kwa kalenda, hasa pale mmoja anapokaribia mstari na wengine wako mbali nao. Lakini jiandaeni kana kwamba atakuwa nje mara mbili ya muda mnaoutarajia. Kama watoto watasafiri na mzazi mmoja, andikeni barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, igongwe muhuri wa wakili. Usiku wa uwanja wa ndege si wakati wa kuitafuta.

Kusubiri msamaha, na njia nyingine za pembeni

Msamaha si hadithi. Falme za Kiarabu walitangaza mwaka 2018, wakatangaza tena kuanzia tarehe 1 Septemba 2024, wakausogeza hadi 31 Desemba mwaka huo: faini zilifutwa na walioondoka hawakufungiwa kurudi. Kwa familia yenye faini ya dirham 50 kwa siku kwa kila kichwa, watu wanne kwa mwaka mmoja ni dirham 73,000. Naelewa kwa nini mtu anasubiri. Ila hakuna ajuaye mwingine utatangazwa lini, na huko kusubiri kote mtoto hasajiliwi shule vizuri, mama anaogopa kliniki, na mita ya faini haisimami. Msamaha ukikukuta, ukimbilie siku ya kwanza. Usiufanye kuwa mpango.

"Kujilipua", kama waswahili wa Ulaya wanavyoita kuomba hifadhi, ni haki ya mtu anayeogopa kweli kurudi kwao, na huyo asisite. Kwa asiye na hofu hiyo, ni kuandika uongo kwenye faili litakalofunguliwa kila atakapoomba kitu maisha yake yote. Ndoa ya makaratasi ni mbaya zaidi: Marekani ikigundulika, hakuna ombi lolote la kifamilia au la kazi litakaloidhinishwa kwa ajili yako tena.

Njia ya kunyamaza tu bila kufanya lolote sitaiweka kwenye ulinganisho. Watu huichagua kwa kutochagua.

Ukiamua kutoka, toka vizuri

Pitia kwanza orodha ya madeni: kodi, hospitali, simu. Katika nchi za Ghuba deni lenye kesi linaweza kukuzuia uwanjani hata kama umelipa faini ya viza. Fika mapema, masaa manne au matano kabla ya ndege, kwa sababu utatolewa kwenye foleni ya kawaida na kupelekwa chumba cha pembeni, na watu wa ndege hawakungoji. Lipa faini, chukua risiti, ipige picha kabla hujaikunja. Ukipewa karatasi ya kusaini, omba kuisoma. Kati ya kuondoka kwa hiari na kukubali kufukuzwa kuna tofauti ya miaka, kama tulivyoona, na zote mbili husainiwa kwa kalamu ileile. Marekani hawakugongei muhuri wa kutoka, kwa hiyo kadi ya kupandia ndege na muhuri wa kuingilia kwenu ndiyo ushahidi wako kwamba uliondoka siku fulani. Vitunze miaka yote ya kifungo.

Wakili mpelekee ile karatasi ya tarehe, siyo hadithi. Akikupa jibu kabla hajauliza kila mtu aliingiaje na lini, tafuta mwingine. Na hakikisha amesajiliwa kushughulikia uhamiaji katika nchi uliyopo, maana wajuzi wa mtaani wako wengi na hawarudishi hela.

Ile familia ya pasi nne walijigawa. Mtoto alikuwa na miaka tisa, kwa hiyo zile siku hazikumkusanyia kifungo, lakini stika yake ya viza ilikuwa imekufa. Mama akaruka naye nyumbani, akamfanyia pasi mpya, wakapanga foleni ya ubalozi. Baba na mkubwa wakabaki, mmoja kazini, mwingine shuleni. Mama aliniambia kwamba waliporudi aliifungua I-94 ya mtoto kwenye simu wakiwa bado wanasubiri mabegi, akaisoma tarehe kwa sauti, kisha akafungua yake.